Mcheza Kwao Hutunzwa na Nani?

Mwimbaji wa opera hufunzwa kwa miaka mingi ili sauti yake ivuke okestra nzima na kumfikia aliyekaa kiti cha mwisho, bila kipaza sauti. Sasa msimamishe mbele ya kamera katika ukumbi mtupu, akiwa na mpiga piano mmoja tu. Kiti cha mwisho kiko wapi? Kiko Tanga, kiko Toronto, kiko jikoni, kiko ndani ya daladala. Na aliyekikalia anaweza kumzima kwa kidole kimoja.

Hali hiyo ilizoeleka mwaka 2020, korona ilipofunga kumbi za muziki. Tarehe 1 Juni, Wigmore Hall ya London, yenye viti 550 hivi, ilianza kurusha matamasha moja kwa moja, mwanamuziki mmoja au wawili kwa kila tamasha, viti vikiwa vitupu. Tarehe 18 Julai, Metropolitan Opera ya New York ilimrusha mwimbaji Jonas Kaufmann na mpiga piano Helmut Deutsch kutoka Polling, Ujerumani, kwa tiketi ya dola 20. Wimbo ulipoisha, hapakuwa na hadhira ya kupiga makofi.

Wengi waliuliza kama huo ni muziki kamili. Mimi nauliza juu ya deni. Mtu anapoimba sasa hivi kwa ajili yangu, naye hanioni wala hatajua kama nilikuwepo, ananidai nini?

Ukumbini swali hili halijitokezi. Ukikohoa jirani anakugeukia, ukitoka katikati ya wimbo safu nzima inakukunjia uso. Adabu yetu kule ina askari. Nyumbani askari hayupo.

Kuna watakaojibu kwamba hakuna deni lolote. Nimelipa tiketi, au nimepewa bure, nitasikiliza nipendavyo. Hoja hii ina uzito. Anayekaanga samaki huku redio ikiimba hamdhulumu mtu. Tena mtandao umewafungulia mlango wale waliofungiwa na ukumbi: mgonjwa, mwenye kulea mtoto mchanga, asiye na nauli wala viza. Kuwataka wakae wima kama wako London ni kuwafungia mlango mara ya pili.

Hata hivyo, tuangalie tamasha la aina hii lilikotoka. Mwaka 1817, mjini Vienna, kijana Franz Schubert alikutana na Johann Michael Vogl, mwimbaji mashuhuri wa opera aliyemzidi umri kwa karibu miaka 30. Mtunzi alipiga piano, mwimbaji akaimba, mara nyingi sebuleni mwa watu, mbele ya marafiki. Mwaka 1825 Schubert alimweleza kaka yake Ferdinand katika barua kwamba katika nyakati hizo wao wawili walikuwa kama mtu mmoja.

Umoja huo hutokana na kungojana. Mpiga piano husikia mwimbaji akivuta pumzi, naye huchelewesha kidole kwa kadiri ya pumzi hiyo. Ndiyo maana wanamuziki waliotenganishwa na korona walipata shida kupiga pamoja kupitia intaneti: sauti huchelewa njiani, hata kama ni kwa sehemu ndogo ya sekunde, na kungojana kunavurugika. Wapo walioimba juu ya piano iliyorekodiwa, na piano ya namna hiyo haimngoji mtu. Sebuleni kule Vienna hata wasikilizaji walingoja: walinyamaza, na ukimya wao ulimfikia mwimbaji.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Mwaka 2020 waimbaji wengi walicheza kwao hasa, majumbani mwao, lakini wa kuwatunza hawakuwepo. Katika taarab, anayetunza huinuka, hutembea hadi mbele na kuonekana. Fedha ni sehemu tu ya tuzo, ingawa si sehemu ndogo: wanamuziki wa okestra na kwaya ya Metropolitan walikaa bila mshahara kuanzia Aprili 2020. Kwa hiyo mwenye uwezo na alipe. Lakini dola 20 hulipia tiketi. Hazilipii usikivu.

Basi usikivu huo una maana gani, ikiwa mwimbaji hataujua? Hapa nakumbuka kusengenya. Tunakubaliana kwamba kumsengenya mtu ni kosa hata kama habari hazitamfikia kamwe. Maana yake, asiyekuwepo ana haki juu yetu, na haki hiyo haingoji macho yake. Kama ubaya kwa asiyetuona ni ubaya, wema kwake nao ni wema.

Sidai kwamba kila anayefungua tamasha mtandaoni aache sufuria iungue. Nadai mambo mawili. La kwanza, usihukumu ulichokisikia nusu. Mwimbaji wa moja kwa moja amekubali kwamba sauti inaweza kumkatikia mbele ya dunia, na hana pa kurudia. Aliyekuwa akijibu ujumbe wa simu wakati huo hana haki ya kusema sauti ya fulani imechoka. La pili, mpe walau wimbo mmoja mzima. Dakika tatu au nne, simu kimya, bila kukata kipande cha kumtumia rafiki.

Hakuna atakayekuona ukifanya hivyo. Mwimbaji atainamisha kichwa mbele ya viti vitupu, kamera itazimwa, naye atakwenda zake bila kujua kwamba mtu fulani, mahali fulani, alimngoja amalize.