Ufa Huzibwa kwa Kitu Gani?

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Tumezoea kuisoma methali hii kama onyo kwa mzembe, basi. Lakini haisemi ufa uzibwe kwa kitu gani, na hapo ndipo fedha za watu zinapopotelea.

Chukua nyumba ya matofali ya kuchoma yaliyoungwa kwa udongo, za aina hiyo ni nyingi Morogoro mjini na huko milimani Uluguru. Masika ikipita, ukuta unaopigwa na mvua unapasuka. Mwenye nyumba ananunua saruji, fundi anapiga lipu nzito, ufa hauonekani tena. Tatizo ni kwamba udongo ulio ndani hutanuka ukilowa na kusinyaa ukikauka, wakati saruji ni ngumu, haiufuati. Misimu michache baadaye, gonga lipu kwa kidole usikie: inalia kama debe tupu. Nyuma yake maji yamenaswa na tofali linamomonyoka. Kumbe ufa ulianzia chini, maji ya paa yanamwagikia msingi. Mfereji wa jembe na mawe ya mtoni ungefanya kazi ambayo mifuko ya saruji imeshindwa.

Kwenye paa hesabu inageuka, na hapo ubahili hauna utetezi. Bati la geji 32 ni jembamba kuliko la geji 28 (namba ikipanda unene unashuka, jambo ambalo si kila muuzaji ana haraka ya kulieleza). Mbao zisizotiwa dawa nazo ni chakula cha mchwa. Vigae vya sebuleni vinaweza kusubiri. Paa likivuja, hata vigae hivyo havina maana.

Kwa maoni yangu methali hii inasema na mwenye kipato kidogo. Tajiri asipoziba ufa atajenga ukuta, yaishe. Asiye nacho hana ukuta wa pili, kwa hiyo kwake kuchunguza chanzo ni sehemu ya kuziba. Ndivyo ilivyo hata nje ya ujenzi: ugomvi wa shamba la ukoo (na ukoo kwa Waluguru hufuata upande wa mama) hauzibwi kwa sinia la pilau. Wazee wasipotembea shambani wakaonyesha mpaka, wajukuu watakutana mahakamani.

Basi kabla hujaenda duka la vifaa, mvua ikinyesha toka nje, izunguke nyumba yako, uangalie maji yanaelekea wapi.