Nani Anaishi Kwenye Ramani ya Vita?

Kuna swali linazunguka hapa Kakuma, na mimi naona bado halijajibiwa vizuri. Mtu aliyekimbia vita, je, ana haki ya kutengeneza vita vya kuchezea? Wazee wengi wanasema hapana, ni laana. Vijana wengi wanasema kwani kuna shida gani, si ni gemu tu. Mimi nafanya kazi na vijana na wazee pia nawasikiliza. Naona kila upande umeshika mkia wa jambo hili, kichwa umekiacha.

Kwanza tuelewane. Modi ni nyongeza ambayo wachezaji wenyewe wanatengeneza juu ya gemu ya kampuni. Kampuni inatoa gemu, halafu watu wa kawaida, wengi wao bila malipo, wanaongeza bunduki mpya, ndege mpya na ramani mpya. Gemu mojawapo inayojulikana sana kwa hilo ni Arma 3, ya kampuni ya Bohemia Interactive kutoka Jamhuri ya Cheki, iliyotoka mwaka 2013. Na usidhani ni mambo ya mbali. PUBG, ile vijana wetu wanacheza kwenye simu mpaka bando linaisha, wazo lake lilianza kama modi ya Arma. Aliyeitengeneza, Brendan Greene wa Ireland, alianza kwa kuchezea faili za watu wengine, na leo anajulikana dunia nzima.

Sasa kesi yetu. Kijana mmoja wa miaka 18 amejifunza kuchora kwa Blender, programu ya bure. Kompyuta zetu ni za zamani, Arma 3 yenyewe haziwezi kuifungua, lakini kuchora zinaweza, stima ikiwepo. Alianza na helikopta, akachora vizuri kabisa. Kundi moja la watengeneza modi aliokutana nao mtandaoni likamwomba achore milima ya kwao Kongo, kwa sababu yeye anaijua. Mama yake amekataa. Alisema: "Mwanangu, tulitoka kule na sufuria moja. Wewe unataka kuturudisha?" Jambo limefika kwa mwenyekiti wa bloku.

Vijana wana hoja, tusiwadharau. Mtoto wa kijijini anachonga bunduki kwa mgomba, anapiga kelele "ta-ta-ta", jioni anaitwa kula. Hakuna aliyewahi kusema migomba ndiyo ilileta vita Kivu. Na kuchora ndege kwa kompyuta ni ujuzi unaoweza kumlisha mtu. Ukimnyang'anya kijana kitu pekee anachokiweza, utampa nini badala yake?

Lakini "ni gemu tu" haitoshi. Mwaka 2012 wafanyakazi wawili wa Bohemia walikamatwa Ugiriki, kwenye kisiwa cha Lemnos, wakatuhumiwa upelelezi kwa sababu ya picha za maeneo ya jeshi. Wao walisema wako likizo. Walikaa rumande karibu miezi minne. Arma 3 ilikuwa inachorwa kwa kufuata kisiwa hichohicho, na baadaye jina la kisiwa cha gemu likabadilishwa kuwa Altis. Mwaka 2022 kampuni hiyohiyo ilibidi itangaze kwamba video za Arma 3 zinasambazwa kama picha halisi za vita vya Ukraine. Modi zimefanya ndege na vifaru vifanane mno na vya kweli. Hapa kambini sote tumewahi kupokea video ya vita usiku, tukaanza kupigia simu ndugu. Kwa hiyo mchoro unaweza kutoka nje ya gemu ukamkuta mtu.

Hebu sasa tumsikilize mama. Bunduki kwenye kioo haimtishi, ameziona za kweli. Kinachomuuma nadhani ni kitu kingine.

Kutengeneza silaha ya gemu ni kazi ya namba. Risasi inaumiza kiasi gani, ndege inageuka haraka kiasi gani. Ndege ya upande mmoja ikishinda kila siku, wachezaji wanalalamika, na mara nyingi mtengenezaji anarudi kusawazisha. Nani aliwahi kuja kijijini kwetu kusema hawa wana mizinga na hawa wana majembe, ngoja tusawazishe? Kwenye gemu ukifa unarudi. Na ramani nyingi za gemu za vita zina nyumba lakini hazina wenye nyumba. Zina jiko bila moto na shule bila watoto. Ndiyo maana zinachezeka. Zinafundisha kimyakimya kwamba vita ni mashindano ya timu mbili zilizokubaliana kucheza. Sisi hatukuwa timu. Tulikuwa uwanja.

Je, inaweza kufanywa vingine? Inaweza. Mwaka 2017 Arma 3 ilitoa nyongeza kuhusu sheria za vita, iliyotengenezwa kwa ushirikiano na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, na sehemu ya mapato ikapewa kamati hiyo. Humo unakuwa mtegua mabomu wa shirika la misaada la kubuni, katika kijiji ambacho vita vimekipitia. Bunduki ni zilezile za gemu, ila swali limebadilika. Ndugu zangu wa mashirika, na nyinyi mmo kwenye ramani hiyo.

Kuna rafiki aliniambia: ukiweka raia, wachezaji watawapiga risasi kwa kucheka. Kweli, wengine watafanya hivyo. Lakini atakayefanya atakuwa ameona alichofanya. Kwenye kijiji kitupu mtu anaweza kurusha bomu miaka kumi akabaki anajiona safi.

Kwa hiyo mbele ya wazee mimi nitasema hivi. Kijana ana haki ya kuchora, ila ana deni. Asichore njia za kweli za milima ambako watu bado wanajificha, wala asitumie jina la kijiji. Kijiji kile si chake peke yake, ni cha mama pia, na mama amekataa. Achore mlima wa kubuni unaofanana na wetu. Aweke kisima, shamba la mihogo na watu wanaoamka asubuhi. Kundi likimwambia watu hao wanaharibu mchezo, hapo atajua walikuwa wanataka nini kutoka kwake, na kuondoka itakuwa rahisi.

Wengine mtapinga, najua. Njooni kwenye kikao mseme.