Mshenga wa Mswada

Mtu akaaye Musoma, akiisha kuandika neno la mwisho la riwaya yake ya kwanza, hudhani kazi imekwisha. Kumbe ndiyo kwanza ameposa. Mswada u mezani na wasomaji wako mbali, na si desturi mtu kujiendea ukweni peke yake. Huko London, tangu mwisho wa karne ya 19, A. P. Watt aliufanya ushenga huo kuwa kazi ya kulipwa: wakala akasimama baina ya mtungaji na mchapishaji, akachukua sehemu moja katika kumi ya pato. Tanzania kazi hiyo haijazoeleka. Mtungaji hubisha hodi mwenyewe, au humtafuta mtu wa kumsemea. Je, huyo amsemeaye ana haki ya kumtaka nini?

Mfano wake hauko mbali. Kutoka Musoma njia huenda Bunda, na kutoka Bunda hupinda kuelekea Kisorya, penye kivuko cha Ukerewe. Kisiwani huko alizaliwa Aniceti Kitereza mwaka 1896. Mwaka 1945 alimaliza riwaya ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na watoto wao, akaiandika kwa Kikerewe ili lugha na mila za watu wake zisipotee. Mchapishaji hakupatikana, kwa kuwa wasomaji wa Kikerewe ni wachache. Padri mmoja kutoka Kanada alikusudia kuifasiri kwa Kifaransa, akafariki kabla ya kuifikisha popote. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Gerald Hartwig, mwanahistoria Mmarekani, na mkewe Charlotte walimkuta mzee huyo, wakaitia nguvu kazi yake. Kitereza akaifasiri mwenyewe kwa Kiswahili. Tanzania Publishing House ikaitoa mwaka 1980. Mwaka 1981 mtungaji akafariki, nakala zisimfikie mkononi. Ilikuwa imepita miaka 35 tangu riwaya ikamilike.

Wako wasiohitaji mshenga. Mwaka 1963 mzaliwa wa Butiama, Julius Nyerere, alitoa tafsiri yake ya Julius Caesar wa Shakespeare, ikachapishwa na Oxford University Press. Kazi ile ni njema na ilistahili kupigwa chapa. Lakini mfasiri alikuwa Rais, na mlango abishao Rais haukawii kufunguliwa. Ubora wa kitabu hauwezi kujisemea ukiwa umefungwa sandukuni. Kwa hiyo asemaye kwamba kumtafuta wakala ni kujidhalilisha, aulizwe kwanza yeye anajulikana na nani.

Hata hivyo ushenga una gharama, na gharama ya Kitereza haikuwa fedha. Ilikuwa lugha. Kitabu kilichokusudiwa kuihifadhi lugha ya Kikerewe kiliingia ulimwenguni kwa Kiswahili. Yamkini mtu akasema hilo ni dogo, maana mila zimo na watu wamo. Si dogo. Lakini pia si sawa na kuporwa, kwa sababu aliyeivua riwaya vazi moja na kuivika jingine ni yule yule aliyeizaa. Mshenga aweza kumwambia mtungaji kwamba mlango ule hauingiliki kwa vazi hili. Kushika mkasi mwenyewe hana ruhusa, wala hana haki ya kumficha bwana harusi masharti ya wakwe.

Katika riwaya hiyo Myombekere naye hutozwa pombe na wakwe zake ndipo arudishiwe mkewe. Alipa, na Bugonoka arudiye nyumbani ni Bugonoka yule yule. Kitabu hakirudi hivyo. Mtu wa Musoma aandikaye leo kwa Kiswahili hadaiwi deni hili. Aandikaye kwa Kijita au Kizanaki bado analo, na mshenga wake hana budi kumwambia mapema.