Goti Halisomi Ratiba ya Ligi

Mjukuu wangu, najua una haraka. Kijana mwenye kipaji haraka haimtoki, na kipaji unacho, sikunyimi. Umefika chuo Marekani kwa mpira wa kikapu, unasomeshwa bure, mtaa mzima unakutaja. Kisha goti likachanika, ukapasuliwa, na sasa, mwezi wa nne tu, umeanza kuniambia, "Babu, siumwi tena."

Nisikilize basi. Maumivu kunyamaza si kupona.

Alichofanya daktari ni kuchukua kipande cha kano, ya nyuma ya paja au ya chini ya kifuniko cha goti, akakipitisha pale kano ya ndani ya goti ilipokatika. Kipande hicho kikishatolewa kwake, damu yake imekatwa. Mwili unakijengea mishipa mipya, unakisuka upya polepole, na katika miezi hiyo ya mwanzo kinakuwa dhaifu kuliko siku kilipofungwa. Huku nje uvimbe umekwisha, unapanda ngazi, unakimbia kidogo, unacheka. Zege hukauka juu kabla ya ndani, mwanangu. Siku unazojiona mzima ndizo siku za hatari, na hapo ndipo vijana wengi wanaponasa.

Utafiti mmoja wa Oslo uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba kila mwezi mmoja wa kusubiri, mpaka kufikia wa tisa, ulipunguza hatari ya kuumia tena kwa karibu nusu. Kila mwezi mmoja! Na wewe unataka kuniuzia mitano kwa mechi mbili za ugenini.

Nakuomba, subiri.

Wala miezi peke yake haitoshi. Paja la mguu ule linapungua nyama upesi na kuzirudisha ni kazi. Wataalamu wanataka lifikie angalau asilimia 90 ya nguvu za paja la pili, tena kwa kipimo, si kwa kutazamwa kwenye kioo. Yule anayekufanyisha mazoezi ya viungo, unayelalamika kwamba anakuchosha kwa kukukunjisha goti siku nzima, mheshimu kuliko kocha. Kocha ana msimu. Yeye ana mguu wako.

Usidhani hili ni la watoto wa chuo tu. Kevin Durant alikuwa bingwa wa NBA mara mbili alipoumia msuli wa nyuma ya mguu mwaka 2019. Akakaa nje kama mwezi, fainali zikamwita, akarudi Juni 10 kule Toronto. Alicheza dakika 12. Kano ya kisigino ikakatika, na msimu mzima uliofuata hakuugusa mpira wa mashindano. Mtu mzima, tajiri, amezungukwa na madaktari. Wewe una nini zaidi yake?

Sasa mtazame Joel Embiid, kijana wa Cameroon. Alicheza mwaka mmoja tu chuo cha Kansas, mgongo ukamtoa kwenye mashindano makubwa ya vyuo ya 2014. Mguu nao ukavunjika mfupa, ukapasuliwa, mwaka uliofuata ukapasuliwa tena. Misimu miwili alikaa amevaa nguo za nyumbani huku wenzake wakicheza, na watu wakimcheka. Alianza kucheza Philadelphia Oktoba 2016. Mwaka 2023 akatajwa mchezaji bora wa ligi nzima. Waliomcheka hawakurudisha maneno yao, lakini mguu ulikuwa wake.

Sitakudanganya kwamba kusubiri ni bima. Derrick Rose alichanika goti la kushoto Aprili 2012, akakaa nje msimu mzima uliofuata, mashabiki wa Chicago wakamnung'unikia, na aliporudi haukupita muda goti la kulia nalo likaumia. Lakini alirudi tena uwanjani. Mwaka 2018, akiwa Minnesota, alifunga pointi 50 katika mechi moja. Anayesubiri anaweza kuumia, asiyesubiri anajitafutia.

Usimdanganye daktari, mwanangu. Usimeze vidonge ili ufaulu mazoezi ya Jumatatu. Goti likivimba usiku baada ya kuruka, sema asubuhi. Usiogope kwamba nafasi yako itachukuliwa na mwingine: itachukuliwa kweli, na utaidai ukiwa mzima. Ukirudi unachechemea hutaidai hata kwa maneno.

Nimewaona hapa Upanga wanaume ambao zamani walikuwa wakiruka mpaka watoto wanapiga kelele. Leo wanashuka ngazi kwa upande, wameshika ukuta, na hawajafika hata miaka 40. Gegedu la goti likisagika halirudi kama lilivyokuwa. Makofi ya uwanjani hayanunui dawa.

Tena una shule. Hasheem Thabeet alitoka Dar es Salaam hii hii, akakaa chuo cha Connecticut miaka mitatu ndipo akachaguliwa wa pili kuingia NBA mwaka 2009. Miaka mitatu, na hakuna aliyemwambia amechelewa. Vyuo vya huko vina utaratibu wa kumruhusu mchezaji akae nje mwaka bila kupoteza nafasi yake ya kucheza, na aliyeumia mapema msimuni anaweza kuombewa asihesabiwe ule msimu. Kaulize ofisini kwenu kabla hujauliza jezi. Soma, faulu mitihani, kula vizuri, lala mapema. Mwili hujijenga mtu akiwa amelala, si akiwa anatazama simu kuona nani anamsema.

Basi nakuomba tena, na nitakuomba mpaka unichoke. Kocha akikuita mwezi huu, mkatalie kwa adabu. Ukiona haya kusema ni wewe, mwambie babu yako amekataa.