Jino Linapouma kwa Kisukuma

Sisi tunaopenda lugha tunapenda kubishana juu ya tafsiri za riwaya, nani kaharibu na nani kapatia. Lakini kuna swali la lugha ambalo huwa tunalipita, maana halina utamu wa fasihi: mgonjwa na tabibu wasipoelewana, nani anapaswa kujifunza lugha ya mwenzake?

Swali hili nimekutana nalo sana kikazi, kwenye mabenchi ya zahanati za Shinyanga na Geita. Mjini Geita kwenyewe huwezi kuliona. Dhahabu imewaleta Waha, Wahaya, Wakurya, Wachaga na wengine wengi, na Kiswahili kinawatosha wote. Toka mjini sasa, shika njia ya Nyang'hwale, au nenda Kishapu. Huko utakuta wazee, hasa akina mama ambao shule iliwapita mbali, wanaoishi maisha yao yote kwa Kisukuma. Na hii si lugha ya kijiji kimoja. Ni lugha ya kabila kubwa kuliko yote nchini.

Anayewasubiri ndani ni kijana aliyepangiwa kituo akitokea Rombo au Mtwara. Udaktari kausomea kwa Kiingereza, anauliza kwa Kiswahili, na mgonjwa anaumwa kwa Kisukuma. Lugha tatu kwenye chumba chenye meza moja na viti viwili.

Mtu atasema, ugonjwa si maneno, vipimo vipo. Haya, tuchukue jino. Eksirei itaonyesha tundu, lakini maumivu haiyaonyeshi. Daktari wa meno anataka kujua kama jino linapwita usiku lenyewe, au linashtuka ukinywa maji ya baridi, au linauma ukitafuna tu. Majibu hayo yanamsaidia kuamua kama jino linazibika au linang'olewa. Mwaka 1975 Ronald Melzack wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, alitoa dodoso la kupima maumivu lenye maneno 78, katika makundi 20. Maneno 78 ya kuumwa! Bibi wa Kishapu anayo ya kwake mengi tu, ila mbele ya daktari anabaki na moja la Kiswahili: "Linauma." Neno moja, kwa hiyo mara nyingi jibu ni moja: ng'oa.

Hata wanaoongea Kiswahili wote wawili wanaweza kupishana. Mchimbaji mdogo ana Kiswahili chake cha duara, karasha na marudio. Anakuja na fizi zilizovimba, mate yanamjaa mdomoni, mikono inatetemeka. Ukimuuliza kazi, atakwambia, "Natafuta maisha tu, dokta." Zebaki humpata mtu hivyohivyo, kwenye fizi na kwenye mikono. Asiyejua kuuliza, "Dhahabu unaichomea wapi, na nani anakaa karibu?" atampa dawa ya kusukutua, na jioni mtu huyo atarudi kwenye moshi uleule.

Halafu kuna meno ya plastiki. Tangu miaka ya 1980 jina hili limezunguka nchini: mtoto mchanga akiwa na homa na kuharisha, fizi zake zikionekana zimevimba, watu husema ameota meno ya plastiki na lazima yatolewe. Kinachotolewa ni chipukizi la jino la kawaida la mtoto, na jeraha lile linaweza kumletea maambukizi ya kumuua. Nesi anayelijua jina hilo atakaa na mama, atampa mtoto maji ya chumvichumvi na sukari, ataeleza. Nesi anayelicheka atakuwa amemsindikiza mama kwa mganga. Na mganga, tukumbuke, hahitaji mkalimani.

Najua pingamizi. Tuna lugha ya taifa. Tumeijenga kwa jasho ili Mmakonde na Msukuma wakae meza moja bila kuulizana kabila. Tukianza kudai Kisukuma hospitalini si tunarudisha ukabila? Pingamizi hili nalichukulia kwa uzito, kwa sababu mimi mwenyewe ni mtoto wa Kiswahili hichohicho na ndicho kinachonilisha. Lakini lugha ya taifa ni ahadi ambayo taifa linampa raia, na mtu hawezi kuadhibiwa kwa ahadi ambayo haijamfikia. Bibi wa miaka 70 hakukataa shule. Kumwambia leo, akiwa na homa, kwamba angejifunza Kiswahili, ni kumdai deni ambalo hakulikopa.

Tazama mahakamani. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa Kiswahili kikawa lugha ya mahakama, lakini mshtakiwa asiyekielewa bado ana haki ya kutafsiriwa ushahidi unaotolewa dhidi yake. Kwa hiyo bibi yetu akishtakiwa kwa kuiba mbuzi, mkalimani ataitafutiwa kesi yake. Akiwa na uvimbe kwenye titi, tunamtazama mjukuu aliyemsindikiza.

Mjukuu ndiye mkalimani wetu wa taifa. Nimemwona kijana wa miaka kama 14 akiulizwa amuulize bibi yake alianza lini kutokwa damu, na inatokea wapi. Kijana alitazama sakafu. Bibi alijibu kwa maneno mawili, kijana akasema, "Anasema hajambo." Hapo hakuna aliyekosea lugha. Heshima ndiyo iliyoziba mdomo, na tuliyemtwika mzigo ule ni mtoto.

Basi nani ajifunze? Kwangu mimi deni ni la mwenye nguvu chumbani. Wamisionari waliofika Usukuma walijifunza Kisukuma kwa sababu walizitaka roho za watu. Sisi tunaoitaka miili yao ipone tunashindwaje? Daktari atahamishwa, ndiyo, pengine baada ya miaka miwili. Lakini maswali ya jino, ya tumbo na ya mimba hayahitaji miaka miwili. Yanahitaji daftari na nesi mwenyeji mwenye subira.

Hapa pana hatari moja. Lugha nusu inadanganya. Ukisema "Mwangaluka" asubuhi kwa lafudhi nzuri, bibi atafurahi na kukumiminia yote, nawe utatingisha kichwa hujaelewa hata robo. Halafu unasogeza fomu ya ridhaa ya upasuaji na wino wa kidole gumba. Dole lile ni ridhaa ya nini? Salamu inatosha kufungua mlango, haitoshi kumpasua mtu. Penye kisu na penye siri anatakiwa mkalimani mtu mzima, anayelipwa, asiye ndugu.

Ningekuwa naandika daftari la daktari mgeni, ukurasa wa kwanza usingekuwa na salamu. Ungekuwa na sentensi moja ya kukariri kwa Kisukuma kabla ya zote: "Sijaelewa, mama, naomba urudie." Ni sentensi ngumu kwa msomi. Lakini mgonjwa wa Kishapu amekuwa akiitaka aiseme yeye miaka yote, na hajapata wa kumwambia.