PIMENI ROHO, PIMENI NA FILME



Masomo: Waamuzi 9:7-15, 2 Samweli 12:1-7, 1 Yohana 4:1.

Vijana wa hapa Kasugho wanatuuliza mara nyingi: Je, ni zambi kwa Mkristo kutazama filme za kuogopesha, za wachawi na mazimwi, ama za watu wanaosafiri mpaka kwenye nyota? Wengine wanajibu haraka: ni za Shetani, basi. Sisi tunaona kwamba ulizo hili linapashwa kujibiwa polepole.

Kwanza: hadisi ya kubuni si zambi. Yotamu alisimama juu ya mlima Gerizimu, akahadisia watu namna miti ilivyotafuta mfalme. Hakuna aliyemuuliza kama miti inasema. Nathani alimletea Daudi hadisi ya tajiri aliyenyang'anya masikini kondoo wake mmoja tu, na hadisi ile ilimpiga mfalme moyoni. Babu zetu Wanande nao walitulea kando ya moto kwa hadisi za wanyama wenye kusema. Katika filme ya Nigeria, Living in Bondage (1992), mtu anamtoa mke wake kafara apate mali, kisha roho ya mke inamsumbua. Kijana mwenye tamaa ya utajiri wa haraka anaweza kupata fundisho pale.

Pili: hadisi inaweza kumsingizia asiye na kosa. Mwaka 1995 Waamerika walitoa filme yenye jina la inchi yetu, Congo, kutoka kitabu cha Michael Crichton cha mwaka 1980. Ndani yake gorila wa kijivu wanalinda mji uliopotea upande wa Virunga, wanaua watu wanaokuja kutafuta almasi. Gorila wale walikuwa watu waliovaa manyoya! Sisi tunaokaa karibu na Tayna tunajua kwamba gorila anakula majani, mashina na matunda. Watu ndio wanaommaliza, kwa mitego, bunduki na machimbo, hata mwaka 2016 gorila wetu akahesabiwa kati ya wanyama walio karibu kabisa kupotea. Filme iligeuza mambo: anayeuawa akaitwa muuaji. Shikeni neno hilo, sababu linatuleta kwenye la tatu.

Tatu, na ndilo kubwa: filme isiingie kanisani na kutoa ushuhuda. Iko filme ya Nigeria ya mwaka 1999, End of the Wicked, iliyoandikwa na mhubiri. Inaonyesha watoto wanaojiunga na wachawi usiku na kuwadhuru wazazi wao. Wengi wanaitazama kama habari ya kweli. Kisha yatima anakojoa kitandani, ama anaanguka kifafa, ama baba mdogo anapoteza feza katika biashara, na mtu anasema: "Ni yeye, nimemuona katika ndoto." Ndugu, ndoto ile ilitoka wapi? Mhubiri 5:3 inatufundisha kwamba ndoto inatokana na wingi wa mahangaiko. Uliyoyatazama jioni yanakurudilia usiku.

Sisi ni kanisa la unabii, hatumzimishi Roho. Kwa hiyo tunapashwa kupima kuliko wengine. Torati 18:20 inaweka hukumu ya kifo juu ya nabii anayesema neno ambalo Mungu hakumwagiza. Basi nabii ajiulize mbele ya kufungua kinywa: maono haya, niliyaona wapi kwanza? Kama ni kwenye telefone, anyamaze. Na jina la mtoto lisitamkwe hata kidogo. Katiba ya inchi yetu ya mwaka 2006, kwa kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto uchawi. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 inaweka kifungo cha mwaka 1 mpaka 3 kwa anayefanya hivyo. Hakuna cheo cha kanisa kinachomkinga mtu na sheria hiyo.

Tufanye nini basi? Wazazi, tazameni pamoja na watoto, kisha muwaulize: nani alibuni hii, na anataka tumwogope nani? Filme za uasherati na za damu ya bure, zimeni. Mtoto anayeshituka usiku, ombeni naye, msimwambie kwamba ana pepo. Mwenye kifafa apelekwe kituo cha afya, na maombi yaende pamoja naye. Mkisikia kwamba mtoto amefukuzwa nyumbani kwa neno la uchawi, mtujulishe sisi mashemasi siku ileile, asilale njiani.

Bwana Yesu alipoulizwa nani ni mkubwa katika ufalme wa mbinguni, alimuweka mtoto katikati (Mathayo 18). Anayemkosesha mmoja wa hawa wadogo, afazali afungiwe jiwe la kusagia shingoni na kutupwa baharini. Maneno haya si filme. Tuyaogope hayo.

Bwana awabariki. Amina.