Je, Mashine Ndiyo Iliyokosea?

Ijumaa moja muhula uliopita, baada ya swala, katibu alisoma majina ya wanachama ambao hawajalipa mchango wa mfuko wa kusaidiana (desturi ambayo binafsi sijawahi kuipenda). Likatajwa jina la dada mmoja wa mwaka wa kwanza. Aliinuka, akatoka bila kusema neno. Alikuwa amelipa wiki tatu kabla, shilingi 20,000, na ujumbe wa malipo alikuwa nao kwenye simu.

Mimi ndiye niliyemfuta, ingawa daftari sikuligusa.

Ndugu zangu, nieleze. Daftari letu liko kwenye kompyuta, nami nilikuwa nimeliunganisha na wakala wa akili bandia ili mweka hazina aandike kwa maneno ya kawaida na wakala atekeleze. Wakala huyu haoni programu iliyo nyuma ya zana. Anachopewa ni jina la kila zana, maelezo yake na vigezo vinavyohitajika. Kwa hayo tu anachagua. Mara nyingi maelezo hayo huchukuliwa moja kwa moja kutoka kwenye hati ya API. Zamani sentensi ile ilisomwa na mwandishi mwingine wa programu, naye akiona utata anakupigia simu. Sasa inasomwa na anayetenda papo hapo.

Zana mojawapo niliipa jina toa_mchango. Maelezo yake: "Hutoa mchango wa mwanachama." Nilikusudia kuondoa rekodi iliyoingizwa kimakosa. Malipo ya dada yule yalikuwa yameshaingia daftarini, lakini mweka hazina, kwa uangalifu wake, akamwandikia wakala pia: fulani ametoa mchango wake. Wakala akatafuta zana ya kutoa mchango, akaipata, akaitumia. Zana ikajibu neno moja nililoliandika mimi: "Imefanikiwa."

Wenzangu walinifariji kwamba akili bandia bado haijakomaa. Kwa siku mbili nililikubali jibu hilo, kwa sababu lilikuwa tamu. Lakini mashine haina nia, na asiye na nia hatubebeshi dhambi. Nikabaki na nia yangu mwenyewe, ambayo ilikuwa njema. Je, inatosha? Sikusema uongo. Ila sentensi ile niliiandika usiku, nikiwa na haraka, na nilijua vizuri kwamba "kutoa" kuna maana zaidi ya moja. Muuzaji anayejua kasoro ya bidhaa yake akanyamaza hatumwiti mkweli eti kwa sababu hakutamka uongo.

Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Surat al-Baqara, inahusu kuandika deni, na inamtaka mwandishi aandike kwa uadilifu. Miaka yote niliisoma kama jambo la wafanyabiashara. Sikufikiri kwamba mwandishi anayetajwa anaweza kuwa mimi, na kompyuta yangu, chumbani.

Rafiki mmoja alinipinga: binadamu angeuliza kwanza. Kweli, huenda. Lakini hoja hiyo inanibana zaidi. Msomaji asiyeuliza, asiyeuona uso wako, anakuamini kwa ukamilifu, na anayekuamini hivyo ana haki kubwa zaidi juu yako.

Zana sasa inaitwa futa_rekodi_ya_mchango. Maelezo yake: "Hufuta kabisa rekodi ya mchango iliyoingizwa kimakosa. Haiwezi kurudishwa. Usiitumie kurekodi malipo. Kwa malipo tumia ingiza_mchango." Ikimaliza kazi inataja jina la mwanachama na kiasi kilichofutwa. Na kwa kuwa onyo la maneno si kufuli, programu yenyewe sasa haifuti kitu mpaka mweka hazina athibitishe. Kabla ya kuyatumia maelezo hayo nilimpa mwenzangu wa chumbani, mwanafunzi wa sheria asiyejua chochote cha programu, anieleze zana inafanya nini. Alinieleza sawasawa.

Ijumaa iliyofuata katibu alisahihisha mbele ya watu walewale. Mimi nilimwendea yule dada na kumwomba radhi. Alinisamehe haraka kuliko nilivyotarajia, kisha akauliza, "Na wengine je?"

Sikuwa nimefikiria wengine. Usiku ule nilipitia kumbukumbu zote za wakala tangu mwanzo wa muhula. Walikuwa wawili zaidi, na mmoja wao alikuwa ameshalipa mara ya pili.